Usukani wa Bibi Katani

Jumatatu, 18 Juni 1973

Mkutano wa kijiji leo. Mwenyekiti Lazaro ametangaza kwamba kijiji chetu cha Juhudi kitapeleka watu hamsini Morogoro kwenye Saba Saba, na wataenda kwa lori letu wenyewe. Lori letu! Dereva wa lori ni mimi, Anselmi. Nikakaa vizuri kwenye benchi ili watu waweze kuniona.

Kisha akaongeza. Jumanne ya tarehe tatu Julai atakuja afande wa trafiki kutoka Kilosa kulikagua. Likipita, nakuwa dereva wa kijiji moja kwa moja, kwa barua yenye mhuri. Lisipopita, funguo anapewa Lupakisyo.

Lupakisyo ndiye dereva wa trekta. Ametoka Tukuyu. Mikono yake ni safi saa zote, jambo linalotia shaka kwa mtu wa trekta. Alisimama akasema kwa upole kwamba breki za lori zimekwisha na yeye yuko tayari kuzitengeneza. Tena honi hakuna, anaweza kuweka kitufe kwenye dashibodi kwa dakika kumi. Watu wakampigia makofi. Makofi kwa kitufe!

Nikasimama mimi. Nikasema shida ya Bibi Katani si breki wala kitufe, shida yake ni usukani. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alikohoa.

Nieleze hapa, maana daftari halinikatizi. Bibi Katani ni lori la mwaka hamsini na moja, pua ndefu, bodi la mbao, mali ya shamba la mkonge kabla halijataifishwa. Nilikuwa utingo wake miaka tisa. Miaka tisa nimekaa kushoto nikiutazama usukani wake: mkubwa, mweusi, mwembamba, unang'aa, na katikati kitufe cha honi cha rangi ya maziwa. Sikuruhusiwa kuugusa. Nilikuwa naugusa usingizini. Azimio likaja, shamba likawa letu, lori likawa letu, mimi nikapewa kiti. Nikapanda. Usukani haupo! Meneja ameufungua ameondoka nao. Shamba lote ametuachia, nyumba ametuachia, hata mbwa wake ametuachia. Usukani amebeba.

Tangu siku hiyo naendesha kwa usukani uliotolewa kwenye trekta bovu. Mdogo, wa chuma, mzito, hauna honi. Honi ni mimi mwenyewe. Natoa kichwa dirishani napiga kelele.

Nimeamua. Bibi Katani atakwenda Morogoro na usukani wa aina yake.

Jumanne, 19 Juni 1973

Nimefanya mazoezi ya usukani mkubwa kwa kutumia ungo wa Generoza. Nimekaa kitandani, macho nimefumba. Nimekata kona ya Dumila vizuri sana. Nimepita Dakawa, upepo unaingia dirishani, mkono wa kulia nje, watu wa barabarani wananipungia. Uwanja wa Morogoro unafunguka mbele yangu, bendera tupu, na nyuma watu hamsini wanaimba jina la kijiji.

Generoza aliingia akauliza kama napepeta au naendesha. Nikamwambia naendesha. Akasema basi niegeshe, anataka kupepeta. Huyu mwanamke nimemuoa miaka kumi na moja na bado hajui lini anachekesha na lini ananiumiza.

Alhamisi, 21 Juni 1973

Mikumi, kufuata saruji ya zahanati. Niliondoka ukungu ukiwa bado mbugani. Twiga watatu walikuwa wamesimama kando ya barabara bila haraka yoyote, na mimi nikapunguza mwendo, nikawa sina haraka. Nilipofika, mpakiaji aliniuliza nimelala wapi.

Saruji haikuwepo. Lakini Mungu ni mkubwa! Niliingia kunywa chai kwa Mzee Rafaeli, yule Mnyamwezi aliyekuwa dereva wa malori ya mkonge zamani, siku hizi ana mgahawa pembeni mwa barabara kuu. Nikainua macho. Ukutani, umetundikwa kwa misumari miwili: usukani! Mkubwa, mweusi, kitufe cha maziwa. Juu ya kitufe amefunga kioo kidogo kwa waya, na madereva wa Iringa wanachania nywele humo.

Nilimwamkia shikamoo huku natazama ukuta. Alijibu marahaba, akaniuliza kama na ukuta nao nimeuamkia.

Nikaomba aniuzie. Akakataa. Nikaahidi debe mbili za maharage. Akasema Wasagara tangu babu zao wanaahidi maharage, na babu yake alikufa akisubiri. Hapa lazima niandike kwamba sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana ukoo mzima mbele ya wakwe zako, na wewe unacheka na kumkaribisha ugali. Kwa hiyo nilicheka. Lakini moyoni nilikuwa na hali mbaya.

Jumamosi, 23 Juni 1973

Nimepata njia! Utani huo huo ndio utakaonisaidia. Kwa desturi, mtani akifiwa, wewe mtani wake una ruhusa ya kufika msibani na kuchukua chochote utakachokiona. Mwenye msiba hawezi kukasirika. Anakuja kukomboa kwa jogoo au kwa pombe. Na mtani akisema hataki jogoo?

Kilichobaki ni Mzee Rafaeli kufiwa.

Nimemuuliza mchuuzi mmoja wa vitunguu anayetoka Mikumi kama mzee ana ndugu anayeumwa. Hana. Mama mkwe? Analima mwenyewe. Baba mdogo? Ameoa juzi. Familia nzima ina afya ya kukatisha tamaa. Mchuuzi aliniambia mimi ni mtu mwema sana kwa kuwajali wazee hivi. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini sikumrekebisha.

Lupakisyo amekuja tena kuulizia breki. Nimemwambia Bibi Katani anazielewa breki zake mwenyewe.

Jumatatu, 25 Juni 1973

Shangazi Yunis amefariki asubuhi. Alikuwa mzee sana, alilala tu hakuamka. Yeye ndiye aliyenilea. Alikata mkonge miaka ishirini, na kila jioni alirudi nyuma ya Bibi Katani, amesimama, ameshika bodi, anaimba peke yake. Alikuwa akisema nyumba ikianza kuyumba usiangalie nyumba, angalia milima, na alikuwa anamaanisha lori.

Nililia kwa sauti mbele ya watu na sikujali. Leo sikufikiria usukani. Nilifikiria mara moja tu.

Jumatano, 27 Juni 1973

Matanga. Ndugu wamefika kutoka Lumuma, wengi. Saa nne akatokea Mzee Rafaeli, ameshuka kwenye lori la mbao, analia kwa sauti ya uongo na kofia ameivaa nyuma mbele. Watani ndivyo wanavyokuja. Alijilaza mlangoni akasema haondoki mpaka Wasagara wamlipe usingizi wake. Kisha akaigiza Shangazi Yunis akishuka kwenye lori, mkono mmoja kiunoni, anamtukana dereva. Alimpatia! Ile sauti, yule mguu wa kushoto. Watu tuliokuwa tunalia tukaanza kucheka, mimi nikafanya yote mawili kwa pamoja, na kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nilimpenda sana mzee yule pale.

Halafu akapotea. Tukasikia chuma kikigonga chuma. Alirudi ameuvaa usukani wa trekta shingoni. Ameufungua kwenye Bibi Katani! Alikuja na spana mfukoni. Mtu haji msibani na spana kwa bahati mbaya. Akatangaza kwamba mwenye mali akakomboe Mikumi kwa jogoo mmoja, asiwe wa kuazima, na akaondoka na lori la mbao, chuma kikiwa bado shingoni.

Mwenyekiti Lazaro alishika kichwa. Lupakisyo alishika kichwa. Kwao Tukuyu inaelekea mambo haya hayapo hivi.

Mimi nilikuwa natazama ile shafti ya usukani iliyobaki wazi, imesimama peke yake, inangoja. Nikasikia raha isiyoelezeka. Shangazi, nisamehe. Nilikuwa nimesikia raha.

Ijumaa, 29 Juni 1973

Mpango: nisikomboe. Lori lisipokuwa na usukani, kamati italazimika kutafuta usukani, na nikitakiwa kutoa ushauri nitashauri ule wa ukutani.

Kamati imekutana. Haikunitaka ushauri. Lupakisyo amesema kama desturi ni nzito mno kwangu, yeye atafungua usukani wa trekta lake auweke kwa muda. Kwa muda! Nimeruka nikasema nakomboa, nakomboa Jumapili. Mwenyekiti amesema nikirudi mikono mitupu, funguo niziache mezani.

Sasa naogopa kweli. Miaka tisa ya utingo, sita ya udereva. Sijui kufanya kitu kingine chochote, na hili nisingelisema nje ya daftari.

Jumapili, 1 Julai 1973

Nimechukua jogoo. Generoza ana jogoo mmoja tu, mwekundu, anampenda kuliko anavyojua. Nimemwambia ni kwa ajili ya marehemu. Akamfunga jogoo miguu mwenyewe, kwa upole, asiumie. Hilo lilinichoma.

Nimedandia treni ya mizigo mpaka Mikumi. Mlinzi wa behewa alikubali kwa sababu ya jogoo, alidhani namletea yeye.

Kwa Mzee Rafaeli nikakuta maajabu. Usukani wa trekta umetundikwa ukutani na kioo kimehamia juu yake. Ule mkubwa uko chini, umeegemea pipa la maji! Mzee alipokea jogoo, akanipa pole ya shangazi kwa sauti yake ya kweli, akakaa karibu nami. Alisema alimfahamu Yunis. Miaka ile akimwendesha Bibi Katani, kabla sijawa utingo, Yunis peke yake ndiye aliyekuwa akimshukuru kila jioni anaposhuka, akishamaliza kumtukana. Kwa ajili yake, akasema, nichague usukani ninaoutaka.

Nilishika ule mkubwa kwa mikono miwili. Ulikuwa wa baridi.

Ndipo mzee akaanza. Akasema ananionya kama mwanawe: ule mkubwa ulitoka kwenye lori jingine, kubwa kuliko letu. Shimo lake ni pana kuliko shafti ya Bibi Katani, na meno ya ndani hayakamati. Nikiufunga, akasema, mimi nitakata kona peke yangu na lori litaendelea na safari zake. Nichukue wa trekta.

Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Nitakata kona peke yangu! Mzee akaapa kwa Mungu kwamba hatanii. Nikacheka zaidi. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema mara hii anaongea kama fundi, si kama mtani. Nilishika mbavu. Dereva mmoja wa Iringa pale jirani aliniuliza kama mzee anatania au la. Nikamwambia huyu ni mtani wangu, hajawahi kuniambia kweli tangu tufahamiane.

Mzee aliinamisha kichwa akimtazama jogoo. Wanyamwezi wanajua kuigiza huzuni.

Jumatatu, 2 Julai 1973

Umefungwa!

Niseme kweli, shimo lilikuwa pana kidogo. Sadfa tu, mzee alibahatisha. Nimezungushia shafti katani safi, nyuzi kama arobaini hivi, nikaipaka grisi ili iingie vizuri, nikagonga kwa nyundo, nikakaza nati. Katani ndani ya Bibi Katani. Nani mwingine angewaza hivyo? Waya wa honi nimeuunga. Nikabonyeza kile kitufe cha maziwa kwa kidole gumba, polepole, macho nimefumba.

Ilikuwa sauti ileile! Kuku wa kijiji kizima waliruka. Mama mmoja mzee alitoka nje akauliza kama saa ya kwenda kukata mkonge imefika. Mimi nililia kidogo, nikasingizia grisi.

Nilikaa kwenye kiti mpaka jua lilipoinama. Nilizungusha kushoto, nilizungusha kulia. Na ni mwepesi, ajabu! Ule wa trekta ulinitoa jasho gari likiwa limesimama, huu unazunguka kwa kidole kimoja. Niliona barabara ya Morogoro yote, mti kwa mti. Niliona Shangazi Yunis amesimama nyuma, anaimba.

Generoza alikuwa amesimama mbele ya lori na ndoo kichwani. Alisema nikizungusha, matairi hayageuki. Nikamwambia anatazama kutoka upande usiofaa.

Lupakisyo alileta mafuta ya breki kwenye chupa. Nimemwambia kesho baada ya ukaguzi.

Jumanne, 3 Julai 1973

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Afande alifika saa tatu. Mtu mnene, mpole, ana daftari kama hili. Alizunguka lori, akasifu rangi. Alipouona usukani alisimama. Akasema baba yake alikuwa utingo wa lori lenye usukani kama huo. Afande wa trafiki! Nilijua Mungu yuko upande wangu. Akapanda kushoto, akasema twende mpaka ofisi ya kijiji, tukate kona, turudi.

Kutoka kwenye kibanda cha lori mpaka kona ni mstari mmoja ulionyooka. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili, kina mama wanaimba. Bibi Katani aliondoka taratibu. Nilibonyeza honi. Nyimbo zikapanda. Afande alikuwa anatabasamu, mimi mkono wa kulia nje, na kwa muda ule mfupi, labda hatua mia mbili, nilikuwa mtu niliyetaka kuwa tangu nilipokuwa utingo. Hakuna atakayeninyang'anya hatua hizo.

Kona ikafika. Nikazungusha usukani kwa unyenyekevu, kwa kidole kimoja. Mimi nikakata kona. Lori halikukata.

Nilizungusha zaidi. Nikazungusha mara nne. Afande akauliza kwa upole kama tunaenda ofisini. Nikakanyaga breki. Breki zikasikiliza, lakini hazikujibu. Nikauvuta usukani kwa nguvu zangu zote, nao ukaja. Wote. Nikawa nimeupakata, nyuzi za katani zinaning'inia, na ule waya ukagusa chuma, honi ikaanza kulia yenyewe bila kukoma. Mbele yetu palikuwa na pamba ya kijiji, mavuno ya ekari zote za ujamaa, imelundikwa juu ya majamvi ikingoja mizani. Watu waliokuwa wanaichambua walikimbia, wote, nashukuru.

Tuliingia. Kukawa kweupe. Kukawa kimya, isipokuwa honi. Pamba ilipanda mbele ya kioo, ikaingia madirishani, ikatuangukia taratibu mimi na afande, begani, kwenye kofia, kwenye daftari. Lori lilisimama lenyewe, laini, bila kishindo. Naapa kwamba sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilikuwa bado nazungusha.

Afande alitoa pamba mdomoni. Akafungua daftari. Aliandika breki, mbovu. Usukani, hakuna. Honi, nzima. Hilo la tatu aliliandika kwa haki na nimemshukuru.

Jumatano, 4 Julai 1973

Funguo nimeziacha mezani. Mwenyekiti Lazaro hakugomba, na afadhali angegomba.

Lupakisyo ameng'oa usukani wa trekta lake akauweka. Amefunga breki. Ameweka kitufe kwenye dashibodi. Nilimpimia kwa jua. Dakika kumi kweli. Nilichukia sana. Afande amerudi alasiri, lori limepita.

Watu watachambua vumbi kwenye pamba wiki nzima, na mimi nimepangiwa nao. Generoza amekuja kukaa karibu yangu, anachambua. Baadaye akasema mzee Rafaeli alinionya. Nikamwambia ndiyo, lakini alinionya kwa utani. Akauliza kama kuna njia nyingine ambayo Mnyamwezi angeweza kutumia kuniambia kweli. Nimefikiri mpaka jua limezama. Hakuna.

Jumamosi, 7 Julai 1973

Wameondoka alfajiri. Watu hamsini, bendera, nyimbo. Generoza amekwenda nao, amevaa kitenge kipya, amenishika mkono kabla ya kupanda. Nimekaa juu ya gunia nikisikiliza. Lupakisyo alipiga honi pale kwenye kona, mara moja, fupi, kwa adabu. Kona ameikata vizuri.

Nimelia. Ningeweza kuandika kwamba ni vumbi la pamba, lakini naandika kwamba nimelia. Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nilikuwa nacho.

Usukani nimebaki nao. Hakuna aliyeutaka.

Jumanne, 10 Julai 1973

Kamati imenipa kazi mpya: mkokoteni wa ng'ombe, kubeba maji na kuni za zahanati. Maksai wawili, wapole, wanakwenda wanakotaka na kwa bahati wanataka kisimani. Mkokoteni wenyewe imara. Ila nilipokaa mbele nikaona kuna nafasi kubwa, wazi, pale mbele ya magoti yangu.

Nimeufunga leo mchana. Nguzo ya mti mgumu, msumari wa inchi sita, na safari hii katani nyingi zaidi. Kosa la mara ile lilikuwa nyuzi chache. Umekaa kama ulizaliwa pale. Kilichobaki ni honi, inataka betri, na betri ipo kwenye trekta ambalo sasa halina usukani na kwa hiyo haliihitaji. Saba Saba ya mwakani kutakuwa na maandamano ya wakulima. Nauona uwanja. Nauona mkokoteni unaingia, bendera pembeni, Generoza nyuma amesimama, anaangalia milima.

Mzee Rafaeli amepita leo, alikuja kumrudishia Generoza jogoo, anasema hakuwa na moyo wa kumchinja. Alisimama akanitazama nikikata kona ya kisimani. Akaninasihi, mkono kifuani, uso mzito kabisa, kwamba ng'ombe hawaongozwi kwa usukani, nishuke nishike kamba kabla hawajaingia kwenye pamba.

Wanyamwezi kwa utani! Nimecheka mpaka nikauachia usukani.